Msije Ukumbi Mdogo

Chuoni pale kila mtu alimjua Mzee Viti, na karibu kila mtu aliwahi kumkimbia. Si kwamba alikuwa mkali, wala hakuwa mtu wa kukopakopa. Alikuwa mpole, mwenye shati lililopigwa pasi kila siku ya Mungu na viatu vilivyolika upande mmoja kwa kutembea. Tabu yake ilikuwa moja tu. Akikuona umejipumzisha kivulini, miguu imekuuma, anakusogelea polepole, anakusalimu, anakuulizia watoto na mgongo wako, na kabla hujajua kilichokupata umeshakaa mstari wa pili unasikiliza mhadhara juu ya minyoo ya kwenye udongo.

Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mhudumu wa kumbi: apange viti, afute ubao, ajaribu kipaza sauti, aweke maji mezani. Lakini kila mahali pa kazi pana sheria ambazo hazikuandikwa popote, na pale chuoni ya kwanza ilikuwa kwamba mgeni asione kiti kitupu. Mtu wa watu ametoka mbali, amevaa koti kwenye joto lote hili, ana picha zake za kuonyesha ukutani. Utampandishaje jukwaani akazungumze na viti? Chuo kingeficha wapi uso wake?

Msimamizi wa matukio alikuwa kijana wa tai nyembamba, aliyeamini mabango kuliko alivyoamini watu. Kila mhadhara aliutengenezea bango la rangi, akautangaza kwenye simu za wanafunzi wote, akakaa ofisini kwake akiwa na uhakika. Saa ikifika, ukumbini hamna hata nzi. Hapo ndipo alipotoa kichwa mlangoni na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, vipi watu?" Na Mzee Viti alikwenda kuwaleta.

Aliwajua watu wote wa chuo na saa zao za kupumua. Watunza bustani aliwafuata jua likishapanda, kwa kuwa ukumbini kuna feni. Kina mama wanaofua mashuka ya hosteli aliwapata wakishamaliza kuanika. Walinzi wa zamu ya usiku aliwadaka getini kabla hawajaenda nyumbani; hao walikuwa hazina, maana waliweza kulala wakiwa wamenyooka, na ukiwatazama kutoka jukwaani ungedhani wanafikiri sana. Dereva wa Mkuu wa chuo alikuwa na suti, kwa hiyo aliwekwa mbele. Mara moja mgeni mmoja alimfuata baada ya mhadhara, akamshika mkono kwa nguvu na kumwomba waandike makala pamoja. Dereva alisema atalifikiria.

Na wote hao alikuwa amewafundisha. Mzungumzaji akitaja jina la mtu na mwaka, andika kitu, hata kama ni jina lako. Akicheka, cheka. Msimamizi akifunga faili, piga makofi. Kisha lilikuwapo swali. Swali lilikuwa moja, na mwenye kuliuliza alikuwa mmoja, mtunza bustani mwenye ovaroli ya bluu na sauti nzito ya kanisani. Akisimama, anakohoa kidogo, anasema, "Je, utafiti huu umekumbana na changamoto gani?"

Swali hilo lilifaa kwa malaria, lilifaa kwa madaraja, lilifaa kwa nyota za mbinguni. Hakuna mgeni aliyewahi kulikataa. Wote walijibu kwanza kwamba hilo ni swali zuri sana, kisha wakaeleza changamoto zao kwa uchungu, na mtunza bustani akaketi kifua mbele. Kule bustanini alianza kuwasahihisha wenzake namna ya kushika jembe.

Na Mzee Viti mwenyewe? Yeye alisimama nyuma, mlangoni, akihesabu vichwa. Mzungumzaji akifungua mdomo, yeye tayari anawaza ukumbi unaofuata. Alikuwa ameingia kwenye mihadhara mingi kuliko profesa yeyote wa chuo kile, na hakuna hata mmoja ambao angeweza kukusimulia ulihusu nini.

Ilipokaribia Wiki ya Utafiti, ubao wa matangazo mbele ya maktaba ulijaa mpaka pini zikakosa pa kukaa. Palikuwa na mhadhara wa mgeni mashuhuri, warsha ya kuandika maombi ya ufadhili, mafunzo ya takwimu kwa wanaoziogopa, mdahalo, maonyesho. Na pembeni kabisa, Mzee Viti alibandika kwa mkono wake tangazo lililompeleka moyo mbio: nafasi moja ya msaidizi wa utafiti, ya mwaka mzima, chini ya profesa ambaye chuo kizima kilimwita Mama Ushahidi. Jina hilo alilipata kwa haki. Hata ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza, "Ushahidi uko wapi?" nawe umesimama mbele yake unachuruzika maji.

Aliyeitaka nafasi hiyo alitakiwa awasilishe utafiti wake mdogo mbele ya jopo na hadhira, halafu ajibu maswali ya hadhira. Maswali ndiyo yaliyokuwa na uzito. Mwaka uliotangulia kijana mmoja mwenye akili za kutisha aliwasilisha mbele ya jopo na viti, hakuna aliyeuliza kitu, na jopo likaandika kwamba halikupata namna ya kumpima. Nafasi ilikwenda kwa mwingine.

Binti yake Mzee Viti, mwanafunzi wa elimu ya jamii, mwaka wa tatu, alikuwa ameomba. Alipangiwa Ukumbi Mdogo, saa nane mchana, saa ambayo watu wametoka kula na macho yamekuwa mazito.

"Saa nane," Mzee Viti alimwambia mkewe jioni ile, akisugua viganja. "Saa nane ni mbaya, lakini kwangu mimi hakuna saa mbaya. Nitaujaza ule ukumbi mpaka watu wakae madirishani."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, hivyo mazungumzo yote ya nyumba ile yalikwenda kwa kukatizwa na mshono. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Mimi baba yake."

Binti alitoka jikoni na sahani mkononi. Alikuwa amesikia yote. Nyumba ile haikuwa na ukuta wa kuficha neno. Aliweka sahani mezani na kusimama.

"Baba, naomba kitu kimoja. Usiniletee watu."

"Watu gani?"

"Watu wako."

Mzee Viti alihisi kama amemwagiwa maji baridi. "Watu wangu wana kosa gani? Wananuka?"

"Hawana kosa lolote. Ila siku hiyo wasije. Niahidi, baba."

"Na asipokuja mtu? Na wale wa jopo wakikaa na kalamu zao na hakuna swali? Unajua yaliyompata yule wa mwaka jana."

"Najua. Wasije."

"Sababu?"

"Sababu nitakuambia baadaye."

Akamtazama mkewe apate wa kumtetea. Mkewe aliinamia kitambaa. "Mimi uliwahi kunipeleka kwenye mhadhara wa vidudu vya udongo," alisema. "Mpaka leo nikipalilia mchicha naona wananiangalia. Mwache mtoto."

Basi akaahidi. Lakini ilimuuma, wala hakuficha kwamba imemuuma. Miaka yote amewajazia kumbi watu asiowajua, wengine hata salamu hawakumpa, na leo damu yake mwenyewe inamwambia akae kando. Alikula bila kuongea, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, na chumvi ilipopungua hakulalamika. Hakumuuliza binti yake utafiti wenyewe ulikuwa juu ya nini. Kichwa chake alikuwa amekibandika yeye mwenyewe pale ubaoni: "Mienendo ya Ushiriki katika Hafla za Kitaaluma: Uchunguzi wa Awali." Alikisoma mpaka neno la pili, akaona ni mambo ya wasomi, akapiga pini.

Siku zilivyosogea, mikono ilianza kumwasha. Alipita mbele ya Ukumbi Mdogo, akachungulia, akaviona viti vyote vile vimekaa vimemtazama. Ndipo akapata wazo. Aliahidi kutoleta watu. Kuhusu viti hakuna aliyesema neno. Ukumbi wenye viti vichache, hata wakiingia watu wachache, utaonekana umejaa. Asubuhi ya siku yenyewe alivitoa viti kimoja kimoja na kuvipanga kwenye korido nyuma ya stoo, akabakisha vya jopo na vingine vya kutosha familia moja isiyo na ugomvi. Alirudi mlangoni akatazama. Kwa mara ya kwanza wiki ile alipumua.

Halafu ikamjia hofu nyingine. Watu wake walikuwa wamezoea. Wiki ya Utafiti ikifika walijua wenyewe kwamba watahitajika, na huenda mmoja wao akapita pale kwa mazoea akaingia, na binti akamwona, na ahadi ikaonekana imevunjwa. Afadhali awaambie mapema. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa mabango, alifanya kama alivyofanya siku zote: alimwendea kila mmoja.

Alimkuta mtunza bustani amejificha nyuma ya tanki la maji, anakula karanga.

"Leo saa nane, Ukumbi Mdogo," Mzee Viti alianza.

Mtunza bustani aliinuka akijipangusa magoti. "Niko tayari."

"Hapana. Usije."

"Nisije?"

"Usije kabisa. Wala usipite karibu."

Mtunza bustani alimtazama muda mrefu, karanga moja mkononi. Tangu wafahamiane, mzee huyu hakuwahi kumwambia asiende mahali. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Wewe usije tu."

Akaenda kwa kina mama wa mashuka, akawaambia hivyo hivyo, kila mmoja na salamu zake na hali ya watoto wake. Wakasema sawa, wakatazamana juu ya kamba ya nguo. Akawafuata walinzi. Akamsubiri dereva wa Mkuu mpaka akamaliza kufuta vioo vya gari. Alimkuta hata mama wa duka la peni na karatasi, ambaye miaka yote alikuwa akimkatalia kwa kisingizio cha duka, akamwambia leo apumzike, hatakiwi. Mama yule alimwitikia vizuri, na mzee alipoondoka tu alianza kutafuta kufuli.

Saa nane kasorobo binti alikuwa mbele ya ukumbi, amevaa gauni la kijivu alilolishona mama yake, karatasi mkononi. Jopo lilikuwa limeketi: Mama Ushahidi katikati, miwani kwenye ncha ya pua, na walimu wawili pembeni yake. Kwenye viti vya hadhira walikuwapo mama mzazi, wanafunzi wenzake kadhaa, na msimamizi wa matukio aliyekuja kuona kama bango lake limefanya kazi. Mzee Viti alisimama mlangoni mahali pake pa siku zote. Aliona ukumbi umejaa vizuri, akaridhika na ujanja wake.

Kisha akamwona mtunza bustani anakuja. Amenawa uso, ovaroli imefungwa vifungo vyote. Nyuma yake kina mama wa mashuka, mikono bado na povu, nyuma yao walinzi ambao saa hizi walipaswa kuwa usingizini majumbani mwao, na dereva katika suti, na mama wa duka, na mpishi mmoja ambaye Mzee Viti hakumwambia kitu ila alikuwa amesikia kwa wengine. Mzee alisimama katikati ya mlango na kutanua mikono.

"Nimesema nini mimi?"

"Umesema tusije," alijibu mtunza bustani kwa heshima, akapita chini ya mkono wake.

Waliingia wote. Hapakuwa na kiti. Wakasimama ukutani, wakajazana kwenye madirisha, wengine wakakaa sakafuni mbele kabisa, magoti yao karibu na viatu vya jopo. Binti aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Aliwatazama, kisha akamtazama baba yake kule mlangoni, na uso ukamshuka. Mzee Viti alitaka kumwambia kwa ishara kwamba si yeye, lakini hakuna ishara ya mkono inayoeleza jambo kama lile. Alitikisa kichwa tu, akajiona ametikisa kichwa cha mwongo.

"Anza, binti yangu," alisema Mama Ushahidi, akiondoa mguu wake ili mlinzi apate pa kukaa.

Binti alianza. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umejaa watu na hapakuwa na njia ya kutoka kwenda kwenye ukumbi mwingine, Mzee Viti alilazimika kusikiliza.

Binti alisema kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akikaa kwenye mihadhara ya chuo, si kwa ajili ya mhadhara, bali kwa ajili ya waliokuja. Chuo kinatangaza hafla kila wiki, alisema, na kila wiki kumbi zinajaa. Yeye alitaka kujua watu hao ni akina nani na nini kimewaleta. Akaonyesha ukutani picha za mihadhara zilizowekwa kwenye ukurasa wa chuo. Picha ya mhadhara wa malaria. Picha ya mhadhara wa madaraja. Picha ya mhadhara wa nyota. Katika kila picha, mstari wa pili, alikuwapo mtu mmoja mwenye ovaroli ya bluu, mkono juu.

Ukumbi ulianza kucheka kutoka pembeni, na kicheko kikafika katikati. Mtunza bustani alijitazama ukutani na kusema, "Ile ya madaraja nimetoka vizuri." Msimamizi wa matukio alikuwa ameanza kulegeza tai.

Mzee Viti hakucheka. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa ameelewa. Binti yake amemchunguza yeye. Kazi yake yote, siri yake yote, imesimamishwa ukutani ikamulikwa taa, mbele ya Mama Ushahidi. Alitazama sakafu na kungoja asikie neno gani litatumika, kama ni udanganyifu au ni aibu.

"Nilidhani wanafuata chai," binti aliendelea. Sauti ilikuwa imetulia sasa. "Nikawauliza, mmoja mmoja, siku tofauti. Wapo waliofuata chai, na hawakuona haya kuniambia. Waliosema wameona bango, hao wangetosha kwenye baiskeli moja. Waliobaki, ambao ndio wengi sana, walinipa jibu moja. Walisema, nimekuja kwa sababu kuna mtu aliniita. Sikuandika jina la mtu huyo. Nimemwita mwitaji. Anamjua kila mtu, anamwendea pale alipo, anamuuliza hali yake kwanza. Hitimisho langu la awali ni kwamba watu hawaji kwenye elimu kwa kutangaziwa. Wanakuja kwa kuitwa. Na baadhi yao wakishaitwa mara moja hurudi wenyewe. Mama mmoja wa mashuka alirudi mhadhara wa pili wa maji machafu bila kuitwa, na sasa hosteli yake wanachemsha maji."

Mama wa mashuka alisema kutoka sakafuni kwamba ndiyo, ni yeye.

Mama Ushahidi alivua miwani. Kila aliyewahi kusoma kwake alijua maana ya kuvuliwa miwani ile. "Ni dai zuri," alisema. "Lakini nina shaka. Ninavyojua, baba yako ni mhudumu wa kumbi hizi. Leo ukumbi umejaa mpaka nimekosa pa kuweka miguu. Kama amekuitia watu ili nione kumejaa, basi hii ni hafla ya familia. Hadhira, nani aliyewaita?"

Binti alikuwa amesimama wima, karatasi zimebanwa kifuani.

"Hakuna aliyetuita," alisema mtunza bustani. "Tumekatazwa."

"Mmekatazwa?"

"Tumekatazwa tusije. Mimi alinifuata mpaka nyuma ya tanki la maji kunikataza."

"Mimi alinikuta naanika," alisema mama wa mashuka. "Akaniulizia kifua cha mwanangu, halafu akanikataza."

"Mimi miaka yote ananiita siji," alisema mama wa duka. "Leo amenikataza nikafunga duka."

Mama Ushahidi aligeuka polepole mpaka akamwona Mzee Viti mlangoni. "Wewe uliwakataza watu wote hawa? Mmoja mmoja?"

"Nilikuwa nimeahidi," alisema Mzee Viti. "Mwanangu alisema wasije. Nikaona niwaambie wasije."

"Na bango lilisema waje."

"Ndiyo, mama."

"Na waliotii bango wako wapi?"

Msimamizi wa matukio alijitazama viatu. Mama Ushahidi alirudisha miwani na kuandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walimu wa pembeni walikuwa wakijifuta machozi ya kicheko. Binti alimtazama baba yake tena, na safari hii uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Maswali," alisema Mama Ushahidi.

Mtunza bustani alisimama. Akakohoa kidogo. Ukumbi mzima ulijua kinachokuja na hakuna ambaye angeweza kukizuia. "Je, utafiti huu umekumbana na changamoto gani?"

"Changamoto kubwa ni wewe, mjomba," alijibu binti. "Nimekuhoji mara nyingi, na kila mara unamaliza kwa kunihoji mimi."

Yalifuata mengine, na yalikuwa maswali ya kweli. Mama wa duka aliuliza kama mtu akiitwa mara nyingi mno hachoki. Mlinzi aliuliza kama kulala kunahesabiwa kuhudhuria. Binti alijibu yote, mengine kwa uhakika, mengine kwa kukiri kwamba hajui. Jopo lilikuwa linakusanya karatasi pale mkono mmoja ulipoinuka kutoka mlangoni. Watu waligeuka. Mzee Viti mwenyewe alionekana kushangaa kuuona mkono wake kule juu.

"Huyo mwitaji," alisema. "Hawa wote umewauliza kwa nini wanakuja. Yeye je? Umemuuliza kwa nini anawaita?"

Binti alishusha karatasi zake. "Sijamuuliza. Hilo ni pengo la utafiti wangu."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Niliogopa. Niliona akijua namchunguza ataumia. Ndiyo sababu sikutaka watu wake waje leo wakajiona ukutani." Akazikunja. "Na yeye naye hajawahi kuniuliza nasoma nini."

Neno hilo lilimpata Mzee Viti pale lilipolengwa. Mama Ushahidi alifunga faili lake, na watu wa sakafuni, kwa mazoea, wakapiga makofi. Akasubiri yaishe. "Pengo lizibwe kabla ya Jumatatu," alisema. "Ukinizibia, tutazungumza juu ya nafasi. Usipoziba, hatuna mazungumzo."

Kuziba pengo hilo hakukuwa kazi ndogo. Jumamosi baba mtu alikuwa na feni ya kutengeneza ambayo haikuwa imeharibika. Jumapili alikumbuka jamaa wa kumtembelea. Binti alimfuata kila chumba na kalamu yake, baba akajitia hamnazo, mpaka mama akasimamisha cherehani na kuchukua kiti kimoja, akakiweka katikati ya sebule.

"Kaa," alimwambia mumewe. "Leo zamu yako ya kukaa."

Akakaa. Hakujua aweke wapi mikono.

"Baba, kwa nini unawaita watu?"

Alitazama dirishani. Kisha akasimulia. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza kazini, binti hajazaliwa bado. Alikuja mgeni mmoja, mama wa makamo, amesafiri kutwa nzima, chati zake amezikunja chini ya kwapa. Ilinyesha, hakuja mtu. Mkuu wa ofisi wa wakati huo alitoka kwenda kupiga simu akapotelea huko. Mama yule aliviangalia viti vyote vile, akatundika chati zake moja moja, akaanza. Alimzungumzia yeye peke yake, mhudumu, mhadhara mzima, juu ya ndege wanaohama. Alipomaliza alimuuliza kama ana swali.

"Nikanyamaza," alisema Mzee Viti. "Sikuwa na swali hata moja. Nilikuwa nimehesabu viti tu muda wote ule, kwa aibu. Akanishukuru, akakunja chati zake. Nilimbebea mkoba hadi getini, naye njia nzima ananiambia si kitu, si kitu. Kesho yake nikamtafuta mtunza bustani, nikamwambia tutengeneze swali la akiba, lisikose tena."

Binti alikuwa ameacha kuandika.

"Na leo ungemuuliza nini?"

Alifikiri. "Ningemuuliza hao ndege wanaijuaje njia ya kurudi."

"Hapo ungemfurahisha," alisema mkewe, akavuta pua, akarudi kwenye mshono wake kwa kasi isiyokuwa na sababu. Mzee Viti alimgeukia binti yake. "Haya, mama. Hebu nieleze sasa. Elimu ya jamii ni nini hasa?" Alimweleza mpaka chakula kikapoa, naye hakutazama mlango hata mara moja.

Asubuhi ya Jumanne msimamizi alimkabidhi tangazo jipya alipeleke ubaoni. Mzee Viti alilisoma lote, mpaka mstari wa chini, kabla ya kupiga pini. Nafasi ya msaidizi wa utafiti imejazwa. Jina la binti yake lilikuwa pale, kwa herufi nyeusi za mashine. Akapiga pini nne, moja kila kona, akarudi nyuma kutazama.

Wanafunzi walipita. Hakuna aliyesimama. Wengine walipita karibu kabisa, macho kwenye simu, bega likagusa karatasi. Alivumilia kidogo, akaona hapana. Mkuu wa chuo alikuwa anashuka kwenye gari lake, faili chini ya kwapa, haraka usoni. Mzee Viti alimsogelea polepole, akamsalimu kwa heshima zote, akamuulizia watoto, akamuulizia na mgongo.

"Kuna kitu pale ubaoni, mzee," alisema. "Njoo mara moja ukione."

Na Mkuu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuusoma ubao ule, akamfuata.